Rupia ya Mjerumani katika pindo la kanga



Jumatano moja darasa letu la Sombetini lilichelewa kuanza. Wanakisomo wengi wa darasa lile ni akina mama wanaouza mboga na ndizi katika soko la Mbauda, na siku hiyo wateja walikuwa wengi. Mimi nilikuwa nimekwisha andika somo ubaoni: Jinsi ya kujaza fomu ya mkopo. Somo hilo hatukulisoma. Mama mmoja alikuja mbele, akafungua fundo katika pindo la kanga yake, akaweka sarafu mbili juu ya meza.

Moja ilikuwa nyeusi kama chungu cha zamani. Ya pili iling'aa kama kijiko kipya.

"Mwalimu, nisomee hizi upesi," alisema. "Kesho asubuhi nauza ndama wangu."

Nikamwuliza, ndama na sarafu vinahusianaje? Basi akatueleza. Mama mkwe wake alipofariki, katika sanduku lake palikutwa kopo la majani ya chai, na ndani ya kopo mlikuwa na sarafu hizo mbili zimefungwa kwenye kitambaa. Habari zikasambaa mtaani. Baada ya wiki moja wakaja vijana wawili waliovaa vizuri. Wakasema, "Mama, hii ni rupia ya Mjerumani. Ndani yake mna zebaki. Wazungu wanaitafuta kwa kutengenezea ndege. Tajiri wetu atakupa milioni themanini." Lakini kwanza, wakasema, sarafu lazima ipimwe kwa dawa maalum, na dawa hiyo ni shilingi laki nne. Alipe kwa simu. Tena asimwambie mtu yeyote, maana jambo hili ni la siri.

Darasa zima lilikaa kimya. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akasema polepole, "Hata mimi waliwahi kunijia." Hakusema zaidi, na sisi hatukumwuliza.

Nilifuta ubao. Nikasema, "Leo tutasoma sarafu."

Tulivyoisoma

Sarafu ina pande mbili, na zote zina maandishi. Tulianza na ile nyeusi. Upande mmoja una kichwa cha mwanamume mwenye masharubu. Amevaa kofia ya chuma, na juu ya kofia ametua ndege aina ya tai. Pembeni yake kuna herufi, nami nikaziandika ubaoni kwa ukubwa: GUILELMUS II IMPERATOR. Wanakisomo wakazisoma silabi kwa silabi. Walicheka sana, lakini walizisoma, kwa sababu herufi ni zile zile wanazozijua. Ni lugha tu iliyo tofauti. Hiki ni Kilatini, lugha ya zamani ya Ulaya. Maana yake ni Wilhelm wa Pili, Mfalme Mkuu. Huyo ndiye Kaisari wa Ujerumani aliyetawala kuanzia mwaka 1888 hadi 1918. Zile alama mbili zinazofanana na fito mbili zilizosimama ni namba mbili ya Kirumi.

Upande wa pili umeandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA. Haya sasa ni maneno ya Kijerumani, maana yake Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ndilo jina walilotumia Wajerumani kuiita nchi yetu ya Tanganyika, pamoja na Rwanda na Burundi. Kuna maneno 1 RUPIE, na kuna mwaka: 1910. Kuna pia herufi moja ndogo peke yake, J. Msiidharau herufi hiyo. Inaonyesha kiwanda kilichotengeneza sarafu. J ni kiwanda cha mji wa Hamburg, na A ni cha Berlin.

Sarafu ya pili, ile inayong'aa, ilikuwa na maneno hayo hayo, mwaka ule ule na herufi ile ile. Tutairudia baadaye, maana nayo ina kisa chake.

Rupia ilifikaje Meru?

Kabla ya Wajerumani, wazee wetu wa mlima Meru walifanya biashara bila sarafu. Walibadilishana mbuzi, ng'ombe, nafaka, shanga, nyaya za shaba na nguo za merikani zilizoletwa na misafara kutoka pwani. Pwani wao walikwisha zoea rupia ya Uhindi, yenye kichwa cha Malkia Viktoria wa Uingereza. Walikuwa pia na reale kubwa ya fedha yenye picha ya mama mnene, Malkia Maria Theresia wa Austria.

Kampuni ya Wajerumani iliyoanza kutawala pwani iliona kwamba watu hawataki sarafu ngeni. Kwa hiyo mwaka 1890 ikatengeneza rupia yake yenye uzito sawa na ile ya Uhindi, gramu 11.66, na yenye madini ya fedha kiasi kile kile. Rupia hizo za kampuni zina picha ya simba na mnazi. Chenji yake ilikuwa pesa, sarafu ndogo ya shaba iliyoandikwa Kiarabu upande mmoja. Pesa 64 zilikuwa rupia moja. Neno pesa lenyewe lilitoka Uhindi.

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikaanza kutoa sarafu zake yenyewe. Waliona hesabu ya 64 inasumbua, wakaigawa rupia katika sehemu 100. Kila sehemu moja waliiita heller. Haya, mama zangu na baba zangu, itamkeni kwa Kiswahili. Hela! Ndiyo, neno "hela" tunalolitaja kila siku sokoni ni jina la sarafu ndogo ya shaba ya Mjerumani. Sarafu ilikwisha toweka, jina limebaki mdomoni. Siku ile darasani watu waligonga meza kwa furaha walipolijua hilo, na mimi sikuwazuia.

Lakini rupia haikuja huku kwa wema. Hapa Arusha Wajerumani walijenga boma lao likamalizika mwaka 1900, baada ya vita vikali dhidi ya Wameru na Waarusha. Boma lenyewe bado lipo mjini, na leo ni makumbusho ya elimu ya viumbe. Kuanzia mwaka 1898 serikali ya Mjerumani ilitoza kodi ya nyumba, na huko vijijini kiwango kilikuwa rupia tatu kwa nyumba moja. Nia ilikuwa watu wazoee kutumia sarafu na wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi ili wazipate. Huwezi kuchapa rupia nyumbani kwako. Utauza mbuzi, au utauza jasho lako. Kwa hiyo rupia mbili zilizokaa katika kopo la bibi huenda zilikuwa akiba ya kodi. Au mahari. Au malipo ya kazi ya mtu ambaye hakurudi. Sarafu haisemi yote.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walichukua nchi, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 shilingi ya Afrika Mashariki ikachukua mahali pa rupia. Tangu hapo rupia si pesa halali. Usiipeleke dukani wala benki ukitegemea kubadilishiwa.

Je, mna zebaki ndani?

Hapana. Zebaki ni madini ya majimaji, yale yaliyokuwa yakionekana ndani ya kipima joto cha hospitali. Rupia ni kipande kimoja cha madini kilichogongwa kwa mashine. Katika kila sehemu 1,000 za rupia ile, sehemu 917 ni fedha, na zilizobaki ni shaba. Hapa nieleze kidogo. Tunaposema "fedha" siku hizi tunafikiria pesa za mfukoni. Asili yake fedha ni jina la madini meupe wanayotengenezea mikufu na pete.

Wale vijana walimwambia mama kwamba rupia halisi huvuta punje za mchele na kuzima simu. Tukajaribu hapo hapo. Mama mmoja alikuwa na mchele kwenye mfuko wake. Tukaweka punje kumi mezani, tukasogeza sarafu. Punje hazikutikisika. Tukaiweka juu ya simu yangu, na simu ikaendelea kuwaka, hata ikalia, maana mke wangu alikuwa akiniuliza saa ya kurudi.

Vipo vipimo vya kweli, na havihitaji laki nne. Cha kwanza ni sumaku. Fedha, dhahabu, shaba na shaba nyeupe haziing'ang'anii sumaku. Rupia ikinasa kwenye sumaku, hiyo ni chuma kilichopakwa rangi. Cha pili ni mizani ya sonara. Rupia ni gramu 11.66 ikiwa mpya. Iliyotumika sana hupungua kidogo kwa kulika, lakini ikipima gramu 8 au gramu 14, ujue ni ya kughushi. Cha tatu ni macho yako na kisomo chako. Soma kila herufi. Wanaoghushi mara nyingi hukosea maandishi, na mtu asiyesoma hawezi kuligundua kosa.

Jihadhari pia na mwaka ulioandikwa. Ile reale ya Maria Theresia ina mwaka 1780, lakini iliendelea kutengenezwa kwa mwaka huo huo wa 1780 kwa zaidi ya miaka mia mbili. Ukiokota yenye 1780 usirukeruke kwamba ina umri huo. Yaweza kuwa imetengenezwa baba yako akiwa tayari ameoa.

Basi ina thamani gani?

Hili ndilo swali ambalo mama aliliuliza mara tatu, na ni haki yake. Nilimjibu ukweli ingawa haukumfurahisha.

Wapo watu duniani wanaokusanya sarafu za zamani. Huzinunua katika maduka yao na katika minada. Wao hawaangalii umri peke yake. Wanauliza kwanza: zilitengenezwa ngapi, na zimebaki ngapi? Hela moja ya shaba ilitengenezwa kwa mamilioni mengi. Kwa hiyo, japo ina zaidi ya miaka mia moja, mara nyingi huuzwa kwa dola chache tu za Kimarekani. Rupia moja ya fedha, kama zile za mama, kwa kawaida huuzwa kwa makumi ya dola. Si mamilioni themanini! Lakini si bure. Rupia mbili katika sarafu moja, kubwa, za mwaka 1893 na 1894, zilitengenezwa chache mno, kiasi cha elfu hamsini hivi kwa jumla, na hizo bei yake iko juu sana.

Ipo nyingine ambayo kila mkusanyaji anaitamani, nayo ilizaliwa hapa hapa Tanzania. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza manowari za Waingereza zilifunga bahari, na sarafu hazikuweza kuja kutoka Ujerumani. Askari na wapagazi walidai mishahara. Serikali ya Mjerumani, ikiwa imekimbilia Tabora, ilianza mwaka 1916 kugonga sarafu katika karakana ya reli. Walitengeneza hela 5 na hela 20 kwa shaba na shaba nyeupe, nyingine ikitokana na maganda ya risasi. Kisha wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, katika nchi ya Singida, wakatengeneza sarafu ya rupia 15. Ina picha ya tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake mlima. Zilitengenezwa kiasi cha elfu kumi na sita tu. Mwezi Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora na kazi ikaisha. Leo tembo huyo huuzwa kwa maelfu ya dola. Na kwa kuwa huuzwa hivyo, wa kughushi nao ni wengi.

Baada ya idadi, wakusanyaji wanauliza hali ya sarafu. Je, masharubu ya Kaisari yanaonekana? Manyoya ya tai yamelika? Imetobolewa ili ivaliwe shingoni? Tundu moja hushusha bei sana.

Sasa nirudi kwa ile sarafu iliyong'aa. Mama alipoziona ni nyeusi, aliona aibu kuzipeleka kwa tajiri. Akachukua majivu na chuma cha kusugulia sufuria, akaisugua moja mpaka ikameta. Mkono ukamwuma, akaiacha ya pili. Nilimsogezea sarafu zote mbili karibu na taa. Katika ile nyeusi unaweza kuhesabu manyoya ya tai. Katika ile nyeupe tai amekuwa kama kuku aliyenyonyolewa, na uso wote una mikwaruzo midogo midogo. Mkusanyaji akiiona hiyo anaiweka chini. Atakulipa bei ya madini tu, tena labda kwa kusitasita. Ule weusi si uchafu. Ni rangi ya uzee ambayo fedha huipata yenyewe, nao huilinda sarafu. Wakusanyaji wanaupenda.

"Kumbe nimeosha pesa yangu ikaisha!" alisema mama. Wenzake walicheka, naye akacheka, lakini niliona anaitazama ile sarafu kwa uchungu.

Kwa hiyo ukiwa na sarafu ya zamani usiisugue kwa majivu, mchanga, ndimu wala dawa ya meno. Ishike pembeni, usiipapase usoni. Itie katika bahasha ya karatasi kavu, kila moja na bahasha yake, na juu ya bahasha andika maneno yote yaliyo kwenye sarafu, mwaka, ile herufi ndogo, uzito, na mahali ilipotoka. Andika pia jina la aliyeiacha. Maandishi hayo nayo ni sehemu ya thamani.

Jambo jingine ni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Rupia ya mwaka 1910 haimo katika kundi hilo. Lakini ukikuta ardhini sarafu za kale zaidi, kama zile za shaba za masultani wa Kilwa, hizo ni mali ya historia ya nchi na unapaswa kutoa taarifa. Pia huwezi kwenda kuchimbachimba penye magofu au maboma ukitafuta "hazina ya Mjerumani" bila kibali. Nasema hivi kwa sababu najua wapo wanaochimba usiku. Wengine wameuza hata mashamba yao kulipia ramani za hazina.

Ya yule mama yaliishaje? Ndama hakuuzwa. Vijana walipopiga simu, aliwaambia, "Njooni ofisi ya mwenyekiti wa mtaa na hiyo dawa yenu, tupime mbele ya watu." Walisema watakuja saa nne. Mama alikaa pale na mwenyekiti mpaka adhuhuri, akarudi sokoni kuuza mchicha wake. Namba ile haikupatikana tena, naye akaiandika kwenye daftari lake la kisomo na kumpa mwenyekiti aipeleke polisi.

Wiki iliyofuata alipita kwa sonara mjini akazipima. Nyeusi ilikuwa gramu 11.6. Iliyosuguliwa ilikuwa gramu 11.4. Sonara alitaka kuzinunua zote mbili ayeyushe, akamtajia bei. Mama akatoa daftari na kalamu, akafanya hesabu mbele yake, akasema hauzi. Ile nyeusi anamtunzia mjukuu. Ile iliyosuguliwa huja nayo darasani kila mwanakisomo mpya anapojiunga, ili aisome.

Hesabu za kufanya katika kikundi

Nyumba moja ilitozwa rupia 3. Kabla ya mwaka 1904 hizo zilikuwa pesa ngapi? Na baada ya hela kuanza, zilikuwa hela ngapi?

Rupia mpya ina gramu 11.66, na sehemu 917 katika kila 1,000 ni fedha tupu. Mna gramu ngapi za fedha ndani yake? Ulizeni bei ya gramu moja ya fedha kwa sonara wa mji wenu wiki hii, kisha mtafute bei ya madini yote. Bei hiyo hupanda na kushuka, kwa hiyo majibu ya vikundi huenda yasilingane.

Sarafu ya tembo ya Tabora ina gramu 7.168, na robo tatu yake ni dhahabu. Ni gramu ngapi za dhahabu?

Majibu: pesa 192, hela 300, gramu 10.69 za fedha, gramu 5.376 za dhahabu.